Mtutu wa bunduki huangusha dikteta, haujengi taifa

MAJUZI katika ukumbi wa mihadhara hapa Kakamega, nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu jinsi maana ya neno inavyoweza kubadilika kutegemea anayelitamka na anayelisikia. Nikawapa vitenzi viwili: kukomboa na kuvamia. Nikawaambia kwamba matendo yenyewe yaweza kuwa yale yale, yaani majeshi kuvuka mpaka, mizinga kulia na mji mkuu kuanguka, lakini mmoja akayaita ukombozi na mwingine akayaita uvamizi. Msichana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono, akauliza: “Daktari, ndugu yangu ni mwanajeshi na alipelekwa Somalia. Je, alikwenda kukomboa au kuvamia?”

Ukumbi mzima ulinyamaza. Kamusi ninazo, na nadharia za maana nimezisoma kwa miaka mingi, lakini sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwambia kwamba nitalitafakari swali lake. Makala haya ndiyo tafakari yenyewe.

Swali la binti huyo si lake peke yake. Kwa zaidi ya mwongo mmoja sasa nchi yetu imekuwa ikiwatuma vijana wake kubeba silaha katika nchi za watu. Wanajeshi wetu waliingia Somalia Oktoba 2011 katika operesheni iliyopewa jina la Linda Nchi. Mwaka wa 2012 wakajiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika, na mwaka huo huo wakashiriki kuuteka mji wa bandari wa Kismayu. Novemba 2022 wengine walitua Goma, mashariki mwa Kongo, chini ya bendera ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Juni 2024 polisi wetu wakavuka bahari hadi Haiti. Katika safari hizo tulisikia hotuba za kuwaaga na tukaona bendera zikikabidhiwa. Swali ambalo halikuulizwa kwa sauti ya kutosha ni hili: siku mtutu utakaponyamaza, nani atajenga, na atajenga akizungumza na wananchi kwa lugha gani?

Mimi si mwanajeshi wala si mtaalamu wa mambo ya ulinzi. Ni mwanaisimu. Hata hivyo naamini kwamba jibu tunalo karibu mno, hapo ng’ambo ya Busia na Malaba, na tumelipuuza kwa sababu li karibu.

Wengi wetu husahau kwamba hadi mwaka wa 1902 eneo hili letu la Magharibi, pamoja na Mumias iliyokuwa boma mashuhuri la Waingereza, lilitawaliwa likiwa sehemu ya Uganda. Idi Amin hakusahau. Februari 1976 alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa ardhi ya Uganda kihistoria. Dai hilo lilizimika bila vita. Watanzania hawakupata bahati hiyo. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakaua watu na kupora mifugo, na Novemba 1 Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera limekuwa sehemu ya Uganda. Yaliyoipata Kagera yangaliweza kutupata sisi.

Mwalimu Julius Nyerere aliliambia taifa lake kwamba sababu ya kupigana ipo, nia ipo na uwezo upo. Jeshi la Tanzania likamfukuza adui, na halikusimama mpakani. Februari 1979 liliteka Masaka na Mbarara. Machi likapigana Lukaya na askari wa Amin waliosaidiwa na Walibya. Aprili 11 Kampala ikawa imeanguka, na kufikia mapema Juni vita vilikuwa vimekwisha kabisa. Lilikuwa jambo geni katika Afrika huru, kwani mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikataza nchi moja kuingilia mambo ya ndani ya nyingine. Lakini Waganda wengi walijitokeza barabarani kushangilia. Katika Kiluganda askari wale wa Tanzania wakaitwa bakombozi, jina lililotokana moja kwa moja na neno letu wakombozi.

Hapa naomba ruhusa ya msomaji nisimulie habari ya nyumbani.

Nilizaliwa mwaka mmoja baada ya Kampala kuanguka. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na katika miaka ya 1970 alimpa hifadhi mwalimu mwenzake aliyekuwa ametoroka Uganda. Bwana huyo alikuwa Msamia wa ng’ambo ya mpaka, na kwa kuwa lugha yake na Kiluhya chetu ni ndugu wa toka nitoke, hakupata taabu kusikizana na majirani. Hata hivyo kijiji kizima kilimwita Mwalimu Mganda, ingawa hakuwa Mganda.

Mwalimu huyo hakukipenda Kiswahili. Alifundisha kwa Kiingereza na kupiga gumzo kwa Kisamia, na mtu alipomsalimu kwa Kiswahili aliitikia kwa kichwa tu. Baba alinieleza sababu nilipokuwa mkubwa. Katika Uganda ya Amin, Kiswahili alichokisikia kilikuwa cha vizuizi vya barabarani: simama, shuka, lala chini, lete pesa. Kwake ilikuwa lugha isiyokuwa na hali nyingine ya kitenzi isipokuwa kuamuru.

Juni 1979 alifunga virago akarejea kwao. Katika kizuizi kimoja karibu na Tororo, askari kijana wa Tanzania alilisogelea dirisha la gari, bunduki begani, akasema: “Shikamoo, mzee.” Mwalimu akakosa la kujibu. Alimwandikia baba barua akamweleza kwamba katika muda wa miaka minane hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu mwenye bunduki kumwamkia kabla ya kumwuliza kitu.

Mwishoni mwa mwaka wa 1981 alirudi kwetu mbio, safari hii akiwa na mke na watoto. Watanzania walikuwa wameondoka. Kizuizi kilikuwa pale pale na lugha ilikuwa ile ile, lakini salamu haikuwapo tena. Alikaa nasi miaka mingi, na ndiye aliyenifundisha hisabati.

Je, ni nini kilichotokea kati ya salamu ile ya 1979 na ukimya wa 1981? Swali hili ndilo kiini cha utafiti wowote kuhusu kuingilia nchi kijeshi na kuijenga upya. Nionavyo mimi, mambo matatu yalikwenda mrama.

Kwanza, serikali mpya ilishonwa nje ya nchi. Machi 1979, majuma mawili hivi kabla ya Kampala kuanguka, makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikusanyika mjini Moshi, Tanzania. Katika siku chache yakaunda chama cha pamoja na kumchagua Yusuf Lule kukiongoza. Hapakukosekana watu wenye elimu. Miongoni mwao walikuwamo wasomi kama Dani Nabudere na Yash Tandon, ambao walikuwa wamefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini mwananchi wa Soroti, Arua au Masaka hakuulizwa lolote. Wengi wa wajumbe hawakuwa wamelala nyumbani kwao kwa miaka kadha. Lule aliapishwa Aprili 13 na kuondolewa Juni 20, baada ya siku 68 tu, kwa sababu ya mzozo kuhusu nani ana mamlaka ya kuteua mawaziri. Lilikuwa swali la kujibiwa kabla ya safari, nalo likajibiwa njiani.

Pili, jeshi jipya halikuwa la taifa. Waganda waliopigana bega kwa bega na Watanzania walikuwa na makundi yao. Kulikuwa na Kikosi Maalum, ambacho viongozi wake walimtii Milton Obote, na kulikuwa na FRONASA ya Yoweri Museveni. Baada ya ushindi kila upande ulianza kuwasajili vijana wa kwao. Hivyo bunduki zilizomwondoa dikteta mmoja zikawa hazina ya kugombea nafasi yake. Katika West Nile, alikotoka Amin, askari wa jeshi hilo jipya walilipiza kisasi kwa raia katika miaka ya 1980 na 1981, na maelfu ya watu wakakimbilia Sudan na Zaire.

Tatu, mkombozi aligeuka kuwa mwamuzi. Majeshi ya Tanzania yalikuwa nchini wakati Lule alipoondolewa. Yalikuwapo Mei 1980 Godfrey Binaisa naye alipopinduliwa na tume ya kijeshi iliyoongozwa na Paulo Muwanga. Yalikuwapo pia Desemba mwaka huo wakati wa uchaguzi uliomrudisha Obote, ambao matokeo yake Muwanga alikuwa ametangaza kwamba hakuna wa kuyatoa ila yeye. Waliohisi wamepokonywa ushindi walimtazama Mtanzania kwa jicho jingine. Februari 1981 Museveni alianza vita vya msituni, na damu iliyomwagika Luwero ikawa nyingi kupita kiasi. Kampala ilitekwa tena Januari 26, 1986, karibu miaka saba baada ya ukombozi wa kwanza.

Sisemi haya ili kumlaumu Mwalimu Nyerere. Amin alimvamia, na kumwacha aendelee kuua watu wake kusingekuwa fadhila. Aidha, Tanzania haikuwa nchi tajiri. Gharama ya vita ilikadiriwa kufikia dola milioni 500 za Marekani, na wananchi wakaambiwa wafunge mkanda kwa miezi 18, ambayo ilikuja kuwa miaka. Ninachosema ni kwamba mpango wa kuiteka Kampala ulikuwapo, na ulikuwa mzuri. Mpango wa kuijenga Uganda ulichelewa, na ulipokuja haukuwa wa Waganda wenyewe.

Sasa nirudi kwenye taaluma yangu. Kiswahili kiliingia Uganda kwa njia kadha, lakini iliyokita zaidi ni ile ya kambi za jeshi la kikoloni na za polisi. Kabaka Daudi Chwa alikipinga hadharani mnamo 1929, kwa kuhofu kwamba kingeimeza lugha na hadhi ya watu wake. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka wa 1973 kwa amri, pasipo walimu na pasipo vitabu vya kutosha. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka wa 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 40 tangu Amin aondoke. Ikiwa sifa ya lugha tu huchukua vizazi viwili kusafishwa, seuze imani ya raia kwa askari, kwa hakimu na kwa sanduku la kura?

Kuna neno jingine lililoumia katika Uganda ile, nalo latuhusu sisi wa vyuo. Kile kikosi cha siri cha Amin, ambacho makao yake yalikuwa Nakasero, Kampala, kilijulikana rasmi kama Idara ya Utafiti ya Dola. Watu walichukuliwa mchana kweupe na “watafiti” na wasionekane tena. Mwalimu wangu wa hisabati aliposikia kwamba nataka kuwa mtafiti, alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba mtafiti anao wajibu wa kumweleza mwananchi, kwa lugha anayoifahamu, anachokitafuta na atakachokifanyia.

Tukiwa na kioo hicho cha Uganda mkononi, hebu tujitazame. Jina Linda Nchi lilikuwa jina la kweli kuliko waliolitunga walivyodhani. Nchi iliyokusudiwa kulindwa ni Kenya, baada ya visa vya utekaji nyara Lamu na Dadaab. Jina halikutaja ujenzi wa Somalia, na watu hawawezi kulaumiwa kwa kutotimiza ambacho hawakukiahidi. Lakini kikosi cha Umoja wa Afrika kilikuwa na kazi nyingine, ya kuisaidia serikali ya Somalia isimame. Vijana wale wale wakageuziwa kazi wakiwa uwanjani. Gharama tumeilipa: Westgate mwaka wa 2013, Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015 ambako watu 148 waliuawa, na El Adde Januari 2016, ambako idadi kamili ya askari wetu waliouawa haikutangazwa na serikali. Taifa ambalo haliwahesabu wafu wake hadharani litajifunzaje kutokana na vifo vyao?

Goma ilitupa fundisho la aina nyingine. Huko askari wetu walikuta watu wanaosema Kiswahili, na mtu angedhani kwamba kizuizi kikuu kimeondoka. Lakini raia wa Kongo walitarajia kwamba kikosi kilichokuja kuwalinda kingepigana na waasi wa M23. Makamanda kwa upande wao waliona kwamba kazi yao ni kusimama katikati na kusimamia usitishaji wa mapigano. Kitenzi ni kimoja, kulinda, na maana ni mbili. Wananchi waliandamana, Kinshasa ikakataa kuongeza muda wa kikosi, na Desemba 2023 kikaondoka. Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23. Basi kusema lugha moja hakutoshi. Sharti watu wakubaliane kuhusu maana kabla risasi haijawekwa bundukini.

Haiti hata lugha ya pamoja haikuwapo. Wahaiti husema Krioli, na wachache wao Kifaransa, ilhali polisi wetu walikwenda na Kiingereza na Kiswahili. Walitarajiwa watu 2,500 kutoka nchi mbalimbali, wala nusu yao haikufika, na Septemba 2025 Baraza la Usalama likaamua kwamba kikosi hicho kigeuzwe kuwa kingine kikubwa zaidi.

Isidhaniwe kwamba udhaifu huu ni wa Waafrika tu. Kabla ya kuivamia Iraq mwaka wa 2003, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa imewakusanya Wairaq wengi waandike jinsi nchi yao itakavyoendeshwa baada ya Saddam Hussein. Kurasa ziliandikwa kwa wingi, na wakuu wa vita wakaziweka kando. Mei 2003 jeshi lote la Iraq likavunjwa kwa kalamu, na maelfu ya watu waliojua kutumia silaha wakajikuta hawana kazi wala mshahara. Utafiti usiosomwa na mwenye mamlaka ni sawa na dawa iliyoachwa kwenye chupa.

Na hapa kwetu? Utafiti upo. Katika mji huu wetu, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kinafundisha masomo ya amani na ya kukabiliana na majanga. Huko Karen, Nairobi, kuna kituo cha kuwafunza walinda amani. Tasnifu zinaandikwa kila mwaka. Lakini karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza, zikajadiliwa na watahiniwa na watahini wao, kisha zikapangwa rafuni. Mama wa askari hazisomi, mbunge aliyepiga kura hazisomi, na mwalimu wa historia katika shule ya kutwa hajui kwamba zipo.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu. La kwanza lawahusu wabunge. Kifungu cha 240 cha Katiba chasema kwamba majeshi yetu hayawezi kutumwa nje katika shughuli za kulinda amani bila idhini ya Bunge. Ombi la idhini hiyo liandamane na waraka, kwa Kiswahili na Kiingereza, unaoeleza mwisho wa safari unafananaje, nani wa nchi ile ameulizwa, na nani atajenga sisi tukiondoka. Mbunge asiyeuona waraka huo asiinue mkono.

La pili lawahusu wanaowafunza askari na polisi. Kabla ya kijana kupanda ndege, afundishwe kusalimu, kuomba radhi, kuuliza na kusikiliza kwa lugha ya kule aendako. Amri zote atajifunza bila kufundishwa.

La tatu, ambalo ndilo kubwa kwangu, lawahusu walimu na wanafunzi. Waliovuka mpaka kuja kwetu katika miaka ya 1970 na ya 1980, na wazee wetu waliowapokea, wanazidi kupungua kila mwaka. Mwanafunzi wa Busia, Bungoma au Kakamega anaweza kuchukua daftari wakati wa likizo, akamwuliza babu au nyanya yake alichokiona na alichokisikia. Msidhani kwamba hiyo ni kazi ndogo. Mwaka wa 1974 Somalia yenyewe, baada ya kuipa lugha yake maandishi rasmi, iliwapeleka wanafunzi na walimu wake mashambani kuwafundisha wafugaji kusoma na kuandika. Wale waliokuja kuitwa watu wasioweza kujitawala waliwahi kulijenga taifa lao kwa chaki.

Mwalimu wangu wa hisabati alirejea Uganda baada ya kustaafu. Alipokuja kutuaga, alisimama mlangoni akamwambia baba kwa Kiswahili, polepole, kama mtu apitaye juu ya daraja asiloliamini: “Tutaonana, ndugu yangu.” Baba alisema hakuwahi kumsikia akitamka sentensi nzima ya Kiswahili kabla ya siku hiyo.

Nimerudi kwa yule msichana na jibu langu. Nimemwambia kwamba ndugu yake alikwenda kwa amri, na kwa hilo hana la kuonea haya. Lakini kama alikomboa au alivamia, si yeye wa kusema, wala si serikali iliyomtuma, wala si mimi mwenye kamusi. Atakayesema ni mama mmoja wa Kismayu au wa Afmadow, atakayewasimulia wajukuu wake jinsi askari alivyomsemesha kizuizini, na kama kulikuwa na shule, zahanati na hakimu baada ya askari huyo kuondoka. Kazi yetu ni kwenda kumwuliza angali hai, na kuyaandika majibu yake kwa lugha itakayosomwa na ndugu zake na ndugu zetu. Msichana ameniomba nimsaidie kupata mwalimu wa Kisomali. Nimeanza kumtafuta.